Vizazi Vinne Katika Sanduku Moja



Tulipopewa kazi ya kuandika ukurasa wa historia katika kijitabu hiki, wengi walidhani tutaandika mambo ya miaka kumi tu: nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza, hisa ya kwanza ilikuwa shilingi ngapi, na nani alikopa wa kwanza. Hayo katibu ameyaandika kwenye kurasa zake na hatuna la kuongeza. Sisi tumeona tuanze mbali zaidi. Kikundi chetu hakikuanza siku tuliponunua sanduku. Kila mmoja alikuja na maisha yake, na maisha hayo ndiyo yanayogombana kila Jumamosi tunapokaa kwenye duara.

Hoja iliyo mezani kila mwanachama anaijua. Katika mkutano mkuu ujao tutapiga kura kama kikundi kigawanywe mara mbili: wakubwa wabaki na sanduku lao, na vijana waende na simu zao. Maneno yamekuwa makali. Upande mmoja unasema, "Watoto hawa hawana adabu na fedha." Upande wa pili unasema, "Mama zetu wamebaki zamani." Sisi tunaomba kabla ya kunyanyua mikono, kila mtu asome kurasa hizi, au asomewe, ajue mwenzake ametoka wapi.

KIZAZI NI NINI?

Wazee wetu hawakuhesabu umri kwa cheti. Ukimwuliza bibi amezaliwa lini, anakwambia, "Wakati wa vita vya Hitla nilikuwa natambaa," au "Mimi ni mtoto wa mwaka wa njaa." Wala si kwamba hajui kuhesabu. Anakwambia jambo kubwa lililompata yeye pamoja na wenzake wote. Tazama hata majina tunayoitana: Tabu, Shida, Mashaka, Siasa. Mtoto alipewa jina la mambo yaliyokuwepo siku hizo, akakua nalo.

Kwa Wamasai rika ni jambo rasmi. Vijana wanatahiriwa pamoja, wanapewa jina moja, na wanazeeka na jina hilo. Kwetu Uluguru, na kwa ndugu zetu wa Pwani, msichana aliwekwa ndani, akafundwa na somo wake, kisha akatolewa kwa ngoma. Waliochezwa pamoja walibaki kuwa watu wamoja hata baada ya kuolewa vijiji mbalimbali. Wakikutana sokoni miaka arobaini baadaye, utawasikia wanacheka kwa mafumbo ambayo sisi wengine hatuyaelewi.

Msomi mmoja mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Ujerumani, Karl Mannheim, aliandika mwaka 1928 kwamba kuzaliwa mwaka mmoja peke yake hakufanyi watu wawe kizazi kimoja. Mpaka wapitie mambo makubwa kwa pamoja wangali vijana, wakati akili bado ni udongo mbichi. Bibi zetu walikuwa wanalijua hilo bila kufika Ujerumani. Wimbo mliouimba pamoja, foleni mliyopanga pamoja, kilio mlicholia pamoja: hivyo ndivyo vinavyowafanya muwe kizazi.

Tukijihesabu kwa kipimo hicho, katika sanduku letu moja tunakuta vizazi vinne.

KIZAZI CHA NGOMA NA UHURU

Wa kwanza ni bibi zetu, ambao sasa wamebaki wachache kikundini. Hawa walikuwa wasichana TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, 1955, Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma pale Dar es Salaam. Hakukaa ofisini kungoja wanawake waje. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, akazungumza na viongozi wao, na viongozi wakawaleta wanachama wao. Haikuchukua muda mrefu, maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU. Wengi walikuwa wauza maandazi, wauza vitumbua na wapika pombe. Wengi hawakujua kusoma hata herufi moja.

Jambo hili tunaliwekea mkazo. Vikundi vile vya ngoma vilikuwa na sare, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na vilikuwa na michango ya misiba na harusi. Akina mama walicheza upatu humo humo. Kwa hiyo chama kilipokuja, hakikuwakuta wanawake wamekaa mmoja mmoja. Kiliwakuta wameshajipanga. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, na UWT ilipoundwa mwaka 1962, bibi zetu walikuwa wameshajifunza somo ambalo mpaka leo hawalisahau: jambo la pamoja hufanyika mbele ya macho ya wote, kwa sauti, na kila mtu ana zamu yake ya kuitikia.

Na muziki je? Hapa Morogoro hatuna haja ya kuazima sifa. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake waliwachezesha watu mpaka alipofariki mwaka 1965. Baada yake akawaka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ambao mwaka 1970 walikwenda mpaka Japani kupiga kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, mji wote ulinyamaza. Hadi leo ukipigwa wimbo wake kwenye sherehe, utawaona wenye umri ule wananyanyuka wenyewe bila kuitwa. Mabinti wanashangaa, "Kwani bibi naye anacheza?" Anacheza, tena kwa mtindo wenu hamumuwezi.

KIZAZI CHA DAFTARI, REDIO NA FOLENI

Kizazi cha pili ni cha mama zetu waliokuwa wasichana au wake wadogo wakati wa Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Yaliyofuata yalikuja mfululizo kama mvua za masika. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina, na mama zetu wakaanza kuvaa khanga zilizochapwa hapa hapa nchini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Jioni, baada ya kutoka shamba na kuosha vyombo, mama alijifunga khanga akaenda darasani, mara nyingi mgongoni ana mtoto. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, takribani watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba waliobaki hawajui ni chini ya mmoja katika kumi.

Watu wa leo wanaona kuandika jina ni jambo dogo. Mama aliyekuwa anapaka wino kwenye dole gumba, kisha siku moja akaandika jina lake mwenyewe kwa kalamu, kwake hilo ni jambo kubwa kuliko harusi. Ndiyo maana mama zetu wanataka daftari la kikundi lisomwe kwa sauti, jina kwa jina, na kila mtu atie sahihi yake. Vijana wanaona ni kupoteza muda. Ile sahihi ni cheti chao cha shule.

Kisha redio. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi vya kusikiliza, redio moja katikati, mshauri na kitabu chake. Wakimaliza kusikiliza wanajadiliana, wakimaliza kujadiliana wanakwenda kuchimba choo. Kwa miaka mingi sauti ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa sauti moja kwa nyumba zote. Watoto walisubiri Mama na Mwana, wakubwa walisubiri Mazungumzo Baada ya Habari. Asubuhi ukikutana na mtu kisimani humwulizi kama amesikia. Kila mtu amesikia.

Lakini si yote yalikuwa matamu. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kila mtu awe ameingia kwenye kijiji cha ujamaa kabla ya mwisho wa 1976. Wako waliohamia kwa hiari, na wako waliobomolewa nyumba zao na kupakiwa kwenye malori pamoja na kuku. Viliandikishwa vijiji zaidi ya 7,000. Waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka kulala chini ya mti huku baba anakata miti ya kujengea upya. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Mazao yakauzwa kwa mamlaka za serikali, na malipo mara nyingi yalichelewa. Mkulima alibaki na kikaratasi mkononi. Hapo ndipo mama zetu walipojifunza msemo wao: hela isiyoonekana si hela.

Watoto wao ndio waliingia shule kwa wingi kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Hao ndio watoto wa UPE. Wengine waliingia asubuhi, wengine mchana, wakifundishwa na walimu waliomaliza darasa la saba juzi tu. Wamechekwa sana, eti "wa UPE". Lakini bila mpango ule, wengi wa wasichana wale wasingeshika chaki kamwe.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mwalimu Nyerere alihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba, akataja mambo matatu ambayo watu wa umri ule wanayataja mpaka leo kama vile walisikia jana: sababu, nia, na uwezo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Bwana wee, miezi ile ilikuwa mirefu! Sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo hakuna. Mtu aliamka saa tisa za usiku kwenda kupanga foleni dukani, na kama hawezi kusimama, anaweka jiwe au tofali lake lishike nafasi. Tulifulia majani ya mpapai. Tulikula unga wa mahindi ya njano, watu wakauita unga wa Yanga. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na watu wakawa wanatupa bidhaa usiku kwa kuogopa. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine akafariki kwa ajali hapa hapa mkoani kwetu, njia ya Dodoma. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi mji ulivyosimama.

Basi mtu aliyepita humo, hata leo, akipata fedha anakimbilia kununua gunia la mahindi, bati au mfuko wa sukari. Tena ilipofika 1986, nchi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani mara kwa mara. Aliyekuwa ameficha noti kwenye godoro akakuta zinanunua robo ya kile alichotarajia. Kwa hiyo vijana, mkimwona mama yenu anageuza mgawo wake wote kuwa mabati siku ile ile, msiseme hajui benki. Anaijua shilingi kuliko ninyi.

Kuna jambo jingine lililotoka kwenye foleni nalo hatuwezi kuliacha. Aliyepata vipande viwili vya sabuni alimkatia jirani. Aliyeolewa na mfanyakazi wa kiwandani alimpenyezea mwenzake chumvi. Mfuko wetu wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, walioupigania uingie kwenye katiba ya kikundi ni akina mama wa foleni, si wengine.

KIZAZI CHA RUKSA NA BEIJING

Kizazi cha tatu kiliota meno chini ya Mzee Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985, watu wakamwita Mzee Ruksa. Maduka yakajaa. Mitumba ikaingia kwa mabelo. Msichana ambaye dada yake alivaa gauni moja miaka mitatu, yeye akawa anachagua mnadani. Lakini upande wa pili, hapa Morogoro, viwanda tulivyojivunia kule Kihonda, vya viatu, turubai na ngozi, vilianza kuyumba. Katika miaka ya 1990 vingi vilisimama au viliuzwa, na akina baba wakarudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi. Karo na michango ya shule ikarudi. Nani alisimama? Mama. Akaweka meza nje, akakaanga vitumbua, akapika wali na maharage kwa mafundi. Neno mama ntilie limezaliwa na njaa ya miaka hiyo, na limesomesha watoto wengi.

Septemba 1995 ukafanyika mkutano wa nne wa dunia wa wanawake huko Beijing, na Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Getrude Mongella. Wengi wetu tusingeweza kuionyesha Beijing kwenye ramani, lakini neno lilifika mpaka vilabuni. Mwanamke akimjibu mumewe, watu wanasema, "Huyo amekwenda Beijing!" Walisema kwa dhihaka, lakini mambo yalisogea. Mwaka 1998 ikatungwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizosema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Wako wanachama wetu wenye hati ya kiwanja kwa majina yao wenyewe. Bibi zao waliimba Uhuru usiku kucha na hawakuwahi kuwa na hata hatua moja ya ardhi.

Kizazi hiki kina vilio vyake pia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, na hakuna aliyesikia habari ile redioni ambaye ameisahau. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere akafariki London. Wakati huo runinga za watu binafsi zilikuwa zimeshaanza, tangu 1994, na mtaa mzima ulijaa kwenye sebule ya mwenye seti. Watu walilia pamoja wakitazama kioo. Pengine hiyo ndiyo mara ya mwisho sisi sote, wazee na watoto, tulisikia jambo moja kwa saa moja na kulia kilio kimoja.

Akina mama hawa ndio walioanzisha kikundi chetu. Wanaamini kwenye biashara, wanaamini kwenye haki, na hawamwogopi mtu. Tatizo lao, tuseme kweli, ni kwamba kila mmoja alizoea kusimama peke yake kwenye meza yake, na kusubiri zamu kunawachosha.

KIZAZI CHA SIMU

Sasa mabinti zetu, waliozaliwa miaka ya 1990 na baada yake. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na baadaye shule za sekondari za kata zikaenea kila mahali. Wengi wao walivuka darasa la saba, jambo ambalo mama zao walilisikia kwa wengine. Mwaka 2008 M-Pesa iliingia Tanzania, na kwao fedha ilianza maisha yake ndani ya simu. Hawajawahi kushona noti kwenye pindo la khanga. Muziki wao ni Bongo Fleva, kila mmoja na spika zake masikioni, kila mmoja na chaguo lake. Redio moja katikati ya duara wanaisikia kama hadithi.

Wengine husema kizazi hiki hakijapitia kitu. Si kweli. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na wako wasichana ambao hawakurudi tena. Tarehe 17 Machi 2021 wakaona Rais anafariki akiwa madarakani, na siku mbili baadaye Mama Samia Suluhu Hassan anaapishwa kuwa Rais mwanamke wa kwanza wa nchi yetu. Kwa mtoto wa kike wa miaka kumi leo, Rais ni mama, na haoni ajabu. Bibi aliyepigia kura TANU angeambiwa hivyo mwaka 1958 angedhani anataniwa.

Na kuna jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na mlango ukafungwa. Ni mpaka tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida. Wapo kati ya wanachama wetu vijana waliofungiwa mlango ule kabla ya tangazo. Walikuja kwenye kikundi na mtoto mgongoni, na wa kwanza kuwanunulia hisa walikuwa akina mama wale wale ambao leo tunaambiwa hawapatani nao. Hatutaji majina, wenyewe wanajijua.

LAKINI KIZAZI SI MUHURI

Tumeandika kana kwamba watu wa umri mmoja wote ni sawa. Hapana. Wakati wa foleni, mke wa meneja wa duka hakuwa na tofali kwenye mstari. Wakati wa UPE, kaka aliendelea na shule na dada akabaki kulea. Wakati wa ruksa, wengine walijenga ghorofa na wengine walikosa hata nauli. Tena tunaye bibi mmoja ambaye anatuma fedha kwa simu haraka kuliko wajukuu, na tunaye binti wa miaka 22 anayetunza vikoba vyake vya mchele kama vile vita vya Kagera vitaanza kesho, kwa sababu alilelewa na bibi yake. Mazoea ya kizazi yanarithishwa jikoni, hayafuati tarehe ya kuzaliwa peke yake.

SANDUKU NALO LINA UMRI WAKE

Turudi kwenye kura. Wakubwa wanasema sanduku la makufuli matatu ni desturi yetu. Ndugu zetu, hebu tuangalie. Upatu ni wa zamani, hilo kweli. Lakini mtindo huu wa sanduku, hisa, mikopo midogo na kugawana mwisho wa mwaka ulianza na akina mama wa vijijini wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE. Ukazunguka Afrika mpaka ukatufikia. Maana yake sanduku tunaloliita la wazee ni dogo kuliko watoto wetu wa kwanza. Nalo lilipokuja lilikuwa jambo geni, na wapo waliolicheka.

Vijana nao wanasema simu ni salama, haiibiwi. Hebu nao waangalie. Tunawajua watu wazima na akili zao, hapa mtaani, waliotuma akiba ya mwaka mzima kwa sababu ya ujumbe mmoja wa kitapeli. Na kabla ya simu kushamiri, wengi walipoteza fedha kwenye mchezo wa kupanda mbegu uvune mara mbili. Uliporomoka, wakabaki wanatazamana. Aliyepotelewa hakuwa na duara la kumuuliza, "Mwenzetu, hela hii inakwenda wapi?" Duara hilo ndilo tunalo sisi.

Kwa maoni yetu, kinachogombaniwa si chombo. Wakubwa wanadai macho ya watu wote: fedha ihesabiwe hadharani, daftari lisomwe, sahihi itiwe. Wana sababu, wameiona fedha ikigeuka kikaratasi. Akina mama wa kati wanadai haki: kila mtu apate mkopo kwa hisa zake, asipendelewe mtu. Vijana wanadai wepesi: binti anayeuza genge hawezi kungoja Jumamosi nne kupata shilingi za kununua nyanya asubuhi. Hakuna hata dai moja hapo la kipuuzi. Tena hayapingani. Zipo sasa akaunti za vikundi kwenye simu ambazo fedha haitoki mpaka zaidi ya kiongozi mmoja akubali. Hayo si makufuli yetu matatu yaliyohamia sehemu nyingine? Tunaweza kukutana kama kawaida, tukahesabu mbele ya wote, tukasoma daftari, tukatia sahihi, ndipo fedha ikaingia kwenye simu mbele ya macho yetu. Kiasi fulani kibaki sandukuni kwa ajili ya msiba wa usiku.

Na tufikirie kitakachotokea tukigawanyika. Kikundi cha wakubwa kitakuwa na akiba nzuri na wakopaji wachache, kwani wanaokopa sana ni wenye biashara changa. Fedha iliyolala haizai. Kikundi cha vijana kitakuwa na wakopaji wengi na mfuko wa jamii mtupu, na siku mmoja wao akifiwa ndipo watajua thamani ya mama aliyejifunza kugawana sabuni kwenye foleni. Kila upande utabaki na nusu ya ujuzi.

HITIMISHO

Ndugu wanachama, hatuna uwezo wa kumwamuru mtu jinsi ya kupiga kura, wala hatutaki. Tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, kabla ya mkutano, kila kijana akae na mwanachama mmoja mzee amuulize alianzaje kuweka akiba, na kila mzee akae na kijana mmoja amuombe amfundishe kutazama salio kwenye simu. Si kazi kubwa, ni mchana mmoja na kikombe cha chai. La pili, majibu yaandikwe kwenye daftari jipya ambalo katibu ameshalinunua. Bibi zetu wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anaondoka na nyimbo ambazo hatukuziandika.

Miaka kumi ijayo kitatolewa kijitabu kingine, kwa uwezo wa Mungu. Kitaandikwa na hawa hawa tunaowaita watoto. Nao watakuwa wanalalamika kwamba wadogo zao hawana adabu na fedha, kwa chombo ambacho leo hatukijui hata jina. Wakati huo tungependa wawe na mahali pa kusoma jinsi mama zao walivyobishana, wakasikilizana, na wakafika wapi. Hilo la mwisho litaandikwa siku ya kura.

Tunawatakia wote sherehe njema. Sare ya mwaka huu ni khanga moja kwa wote, bibi mpaka binti. Asiyeipata amwone mweka hazina mapema.